Bromelia Iliyogoma Kuchanua: Namna ya Kuivundika kwa Tufaha Bivu

Bromelia nyingi huingia nyumbani zikiwa zimeshachanua: mkuki mwekundu, wa rangi ya chungwa au wa waridi umesimama katikati ya majani, na unakaa hivyo kwa miezi. Baadaye ua hufifia, mmea mama huanza kuchoka, na ubavuni mwake huchipua mtoto. Mtoto anakua, anajaza chungu, anakuwa na majani mapana kuliko hata ya mama yake. Ua halitoki. Mwaka unakatika, wa pili unaingia, na mwenye mmea anaongeza maji, anaongeza mbolea, anabadilisha udongo, na bado ni majani matupu.

Ile bromelia ya kwanza haikuchanua kwa bahati. Kwenye vitalu vya biashara mimea iliyokomaa hupewa gesi ya ethilini, au dawa inayoachia ethilini, ili ichanue yote kwa pamoja wakati wa kupelekwa sokoni. Ethilini ni gesi inayotoka kwenye matunda yanapoiva. Ndiyo hiyohiyo inayofanya kazi ndizi zinapovundikwa. Kwa hiyo bromelia nayo huvundikwa: tufaha moja lililoiva sana (epo, kama wengi wanavyoliita), mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, na siku 7 hadi 10.

Wakulima wa mananasi katika visiwa vya Azores, vya Ureno, waliigusa siri hii tangu karne ya 19. Walifukiza moshi ndani ya nyumba za vioo, na mananasi yakatoa maua kwa pamoja. Mwaka 1932 utafiti uliochapishwa Puerto Rico ulionyesha kwamba kinachofanya kazi ndani ya moshi ule ni ethilini. Nanasi ni bromelia, na kinachomfaa mkulima wa nanasi kinamfaa pia mwenye chungu kimoja dirishani.

Lakini tufaha ni hatua ya mwisho. Gesi huuambia mmea "sasa", basi. Mmea mchanga au wenye njaa ya mwanga, ukiambiwa "sasa", hutoa kiua kidogo cha kusikitisha au hautoi kitu, na kwa bromelia hilo ni jambo zito, kwa sababu kila duara la majani huchanua mara moja tu maishani. Ukiikosea nafasi hiyo, unasubiri watoto wake. Ndiyo maana kazi kubwa iko kwenye miezi inayotangulia mfuko.

Ijue uliyo nayo

Ukoo wa bromelia una spishi zaidi ya 3,000, karibu zote asili yake ni maeneo ya joto ya Amerika. Ni moja tu, Pitcairnia feliciana, inayoota kiasili upande wa Afrika Magharibi. Zinazofugwa sana vyunguni ni za jenasi tano (jenasi ni kundi la spishi zilizo jamaa wa karibu), na kuzitofautisha ni muhimu kwa sababu mahitaji yao ya mwanga hayalingani.

Guzmania ina majani laini, ya kijani yanayong'aa, yasiyo na miiba pembezoni, na ua lake hufanana na nyota au mwenge. Vriesea nayo haina miiba. Aina nyingi zina michirizi ya giza inayokata jani kwa upana, na ua ni bapa kama upanga. Aechmea ina majani magumu yenye miiba midogo ukingoni, na ile inayojulikana zaidi, Aechmea fasciata, imepakwa unga wa fedha. Neoregelia hutanda kama sahani, na haitoi mkuki kabisa. Billbergia ni nyembamba, ndefu kama bomba, nayo ndiyo nyepesi kuliko zote kuchanua.

Kuhusu huo unga wa fedha wa Aechmea: usiufute. Wengi huudhani vumbi au ukungu. Pitisha kidole mara moja na utaona mstari wa kijani ukibaki pale kilipopita, na mstari huo hautafunikwa tena. Unga ule ni magamba madogo sana ambayo jani hunywea maji na kujikinga na jua. Kwa sababu hiyohiyo, dawa za kung'arisha majani na mafuta ya aina yoyote hazifai kwa bromelia.

Je, imekomaa?

Haraka ndiyo inayoharibu bromelia nyingi zaidi. Chipukizi lililotengwa na mama huhitaji mwaka mmoja hadi miwili kabla ya kuwa tayari, na mmea uliooteshwa kwa mbegu huhitaji miaka kadhaa. Umri peke yake hautoshi kukuambia, kwa kuwa mmea uliokaa kizani mwaka mzima hukua kidogo sana. Tazama mmea wenyewe.

Linganisha na mama: duara la majani liwe limefikia ukubwa wa mama alipochanua, au limekaribia sana. Hesabu majani; binafsi hatushauri kuvundika bromelia yenye majani chini ya 12. Kisha angalia majani mapya ya ndani. Mmea unaokua bado huleta kila jani jipya likiwa refu kuliko lililotangulia. Mmea uliokomaa huleta majani yaliyolingana urefu, moja baada ya jingine. Dalili hii ya tatu ndiyo tunayoiamini zaidi, maana haidanganyiki na mbolea nyingi wala na kivuli.

Ikiwa huna hakika, subiri miezi mitatu. Kusubiri hakuna hasara. Mmea uliochelewa kuvundikwa huchanua vizuri kuliko uliowahishwa.

Mwanga ndio chakula

Ua la bromelia linajengwa kwa akiba, na akiba hiyo inatoka kwenye mwanga wa miezi. Hesabu angalau miezi mitatu ya mwanga mzuri mfululizo kabla ya siku ya mfuko.

Kipimo kisichohitaji kifaa ni kivuli cha mkono. Saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, nyoosha mkono wako sentimita 30 juu ya majani. Kivuli chenye kingo kali, vidole vikihesabika, maana yake ni jua kali: Neoregelia na Aechmea zinalivumilia kwa saa mbili tatu za asubuhi, Guzmania itaungua. Kivuli chenye umbo la mkono lakini kingo zimefifia ndicho kinachofaa Guzmania na Vriesea kwa siku nzima. Kivuli kisichoonekana kabisa ni giza kwa bromelia, hata kama wewe unasoma gazeti mahali hapo bila shida.

Kanuni ya kushika kichwani: jani gumu lenye miiba linataka mwanga mwingi, jani laini lisilo na miiba linataka mwanga uliochujwa. Dirisha linalopata jua la asubuhi linazifaa karibu zote. Dirisha la jua la alasiri liwekewe pazia jepesi.

Mmea wenyewe hukuambia ukikosea. Majani marefu yaliyolegea, membamba, ya kijani kizito, yanayoanguka pembeni badala ya kusimama: mwanga mdogo. Majani yaliyopauka kuelekea njano, au yenye mabaka makavu ya hudhurungi sehemu iliyoelekea dirishani: jua limezidi. Neoregelia iliyopoteza wekundu wake na kurudi kijani kitupu inalilia mwanga.

Usiihamishe kutoka pembe ya chumba moja kwa moja hadi juani. Isogeze kidogokidogo kwa wiki mbili, na ukigeuze chungu robo mzunguko kila wiki ili mmea usilale upande mmoja. Mahali pasipo na dirisha la maana, taa ya mimea iliyowekwa takribani sentimita 30 juu yake kwa saa 12 kwa siku inafanya kazi vizuri.

Maji, chungu na mbolea

Majani ya bromelia hizi yamebanana chini yakaunda kikombe, na huko ndiko mmea unakonywea. Kikombe kiwe na maji ya kina cha sentimita 2 hadi 3, kisijazwe pomoni. Kila wiki kimwage chote na ukijaze upya. Kuna sababu mbili. Maji yaliyokaa hukusanya chumvi na uchafu na kuozesha moyo wa mmea. Na mbu hutaga humo. Katika joto, yai la mbu linaweza kufikia mbu anayeruka kwa muda wa siku 7 hadi 10, kwa hiyo palipo na joto kali tunasema mwaga kila siku ya tano au ya sita, bila kuruka.

Maji ya mvua ni bora. Maji yenye chokaa nyingi huacha duara jeupe kwenye majani na huziba yale magamba ya kunywea. Udongo uguswe na maji pale tu sentimita 2 za juu zimekauka.

Mizizi ni midogo na kazi yake kubwa ni kushikilia. Chungu cha upana wa sentimita 12 hadi 15 kinautosha mmea uliokomaa. Mchanganyiko uwe wa kupitisha maji haraka: sehemu moja ya vipande vya magome ya mti, sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyosagwa, sehemu moja ya mchanga mkubwa au perlaiti (zile chembe nyeupe nyepesi za kuchanganyia udongo). Udongo wa bustani peke yake hushikamana, mizizi hukosa hewa, na shina huoza kwa chini huku majani ya juu bado yakionekana mazima.

Mbolea ni kidogo sana: mbolea ya maji iliyozimuliwa hadi robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi, kwenye udongo na si ndani ya kikombe. Nitrojeni nyingi hukupa majani marefu ya kijani, hufuta rangi, na huufanya mmea uendelee kukua badala ya kuchanua. Acha mbolea kabisa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuvundika.

Onyo moja ambalo halisemwi vya kutosha: bromelia haiivumilii shaba. Dawa za ukungu zenye kopa, waya wa shaba wa kufungia kijiti, chombo cha shaba cha kumwagilia, vyote vinaweza kuiua. Soma lebo ya dawa yoyote kabla ya kuinyunyiza.

Kuchagua tufaha

Hapa ndipo watu wengi hushindwa na wasijue sababu. Tufaha gumu, baridi, lililotoka kwenye friji sasa hivi, halitoi gesi ya kutosha. Isitoshe, matufaha mengi ya biashara hutibiwa ghalani kwa dawa inayoyazuia yasiitikie ethilini ili yasiive upesi, na yanaweza kukaa wiki nyingi bila kutoa gesi ya maana.

Tafuta lililolainika kidogo ukilibonyeza, lenye harufu nzito unayoisikia bila kulikaribia puani. Liache nje ya friji siku tatu au nne.

Ukitaka uhakika, lipime. Chukua ndizi mbili za kijani kutoka chane moja. Moja ifungie kwenye mfuko pamoja na tufaha, nyingine ifungie kwenye mfuko wake peke yake, uiweke mbali kidogo. Baada ya siku tatu nne, ikiwa ndizi iliyokaa na tufaha imeitangulia mwenzake kugeuka njano, tufaha hilo linafanya kazi. Zikiwa sawa, tafuta jingine.

Ndizi mbivu zenye madoa meusi zinaweza kushika nafasi ya tufaha. Weka mbili au tatu. Kasoro yake ni kwamba huoza mapema na kuleta vijidudu vya matunda, ndiyo maana tunalipendelea tufaha.

Na usiende kwenye njia za shambani. Wapo wakulima wa mananasi wanaotumia kalsiamu kabaidi, ambayo ikikutana na maji hutoa gesi ya asetilini. Gesi hiyo hulipuka kwa cheche ndogo. Ndani ya nyumba haina nafasi hata kidogo.

Siku ya kuvundika

Mwagilia udongo kidogo siku mbili kabla, ili usiwe mkavu wala chepechepe. Hali ya chumba iwe kati ya nyuzi 20 na 27 za Selsiasi. Kisha:

1. Mwaga maji yote ya kikombe. Shika chungu kwa mkono mmoja, funika udongo kwa mkono mwingine, na uinamishe mmea kichwa chini juu ya sinki kwa dakika kadhaa. Uache umelala kwa ubavu saa nzima, kisha utumbukize kona ya kitambaa cha pamba iliyosokotwa hadi chini kabisa ya kikombe ili inyonye matone yaliyobaki. Ua huzaliwa kwenye ncha ya shina iliyo chini ya maji hayo. Maji yakibaki, yanakuwa kizibo na gesi haimfikii anayetafutwa.

2. Chomeka vijiti vitatu pembezoni mwa chungu, virefu kuliko majani kwa sentimita 5. Vitazuia plastiki isigandie majani na isimwage mvuke wake ndani ya kikombe.

3. Weka tufaha zima juu ya udongo, kando ya shina, likiwa limekaa kwenye kifuniko cha chupa au kisahani kidogo ili lisiguse udongo wa maji. Tufaha moja linatosha mmea wa kimo cha hadi sentimita 40 hivi. Mkubwa zaidi, weka mawili. Usilikate. Ni kweli kwamba kulijeruhi huongeza gesi, lakini vipande huota ukungu siku ya tatu, na ukungu huo hushuka kwenye moyo wa mmea.

4. Funika mmea wote pamoja na chungu chake kwa mfuko unaoonyesha ndani, na uufunge chini kabisa kwa kamba. Kwanza jaza mfuko hewa na uubonyeze: ukisikia upepo unatoka mahali, tafuta mwingine. Tundu dogo linatosha kuharibu kazi ya wiki nzima.

5. Uweke mahali penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja. Hili halina msamaha. Mfuko uliofungwa ukiachwa juani hugeuka chungu cha kupikia, na saa moja inatosha kuunguza majani.

6. Acha siku 7 hadi 10. Guzmania na Vriesea tunazipa siku 10 kamili. Billbergia siku 7 zinatosha. Siku ya tano chungulia kutoka nje. Tufaha likiwa limeanza kuoza na kutoa maji, fungua, weka jingine, funga haraka.

Okidi zenye maua na maua yaliyokatwa yawekwe chumba kingine siku zote hizo, hasa siku ya kufungua mfuko. Ethilini inayoiamsha bromelia ndiyo inayoangusha machipuko ya maua ya okidi.

Chungu kikiwa na mama mkubwa na machipukizi madogo pembeni, usiyatoe kwa hofu. Machipukizi machanga kwa kawaida hayaitikii gesi. Lakini lile lililofikia zaidi ya nusu ya ukubwa wa mama linaweza kuchanua kabla ya wakati wake, kwa hiyo litenge kabla.

Baada ya mfuko

Toa mfuko, toa tufaha, acha mmea upumue siku moja, kisha rudishia maji safi kikombeni, sentimita 2 hadi 3 zilezile. Urudishe mahali pake pa mwanga. Usiweke mbolea mpaka uone dalili ya ua.

Kisha kuna kusubiri kwa wiki 6 hadi 14, kutegemea aina. Billbergia na Neoregelia huwahi. Guzmania na Vriesea huchukua muda mrefu zaidi. Wiki za mwanzo hakuna kitu kinachoonekana, na ni wakati huo watu hukata tamaa na kuanza kuvundika upya. Andika tarehe kwenye kipande cha plasta ukibandike chunguni, ili usihesabu kwa kukisia.

Kuanzia wiki ya nne, tazama ndani ya kikombe kwa tochi, kutoka juu kabisa. Moyo wa bromelia ambayo haijaitikia umefunga: jani jipya limejikunja kwa ncha kali kama msumari. Moyo ulioitikia hufunguka. Majani mapya ya ndani yanakuwa mafupi na mapana, yanaachana kidogo, na kwenye Guzmania utaona shina la majani hayo linapauka kisha linashika wekundu. Kwenye Aechmea, kinachoonekana kwanza ni kidoti cha waridi chini kabisa ya maji, mfano wa ncha ya penseli. Vriesea hutoa ubapa mdogo wa kijani ambao rangi yake huja baadaye. Neoregelia usiisubiri itoe mkuki: majani ya katikati hulala na kugeuka mekundu au zambarau, na vijiua vidogo hufunguka kimojakimoja pale usawa wa maji. Wapo wanaoimwagia maji kila wiki bila kujua kwamba imeshachanua.

Ile rangi ya miezi mingi, kwenye aina zote, si maua yenyewe bali ni majani yaliyovaa rangi kuyazunguka. Maua ya kweli ni madogo na hudumu siku chache. Yakinyauka, yachomoe kwa vidole taratibu ili yasiozee kati ya majani yale ya rangi.

Isipoitikia

Usirudie kabla wiki 14 hazijatimia. Zikitimia na moyo bado umefunga, pitia mambo haya kwa mpangilio wa uwezekano: maji yalibaki kikombeni; tufaha halikuwa likitoa gesi; mfuko ulivuja; mmea haukuwa umekomaa. Ikiwa mmea ulikuwa mkubwa lakini majani yake marefu na yamelegea, tatizo ni akiba, na tufaha la pili halitasaidia. Upe miezi mitatu ya mwanga kwanza.

Mkuki ukitoka mfupi na mwembamba, mmea uliwahishwa. Majani ya ndani yakichomoka mkononi ukiyavuta kidogo, yakiwa na harufu mbaya chini, moyo umeoza. Mara nyingi ni ukungu wa tufaha au maji machafu yaliyorudishwa kikombeni. Mmea huo hautachanua, lakini usiutupe. Mwaga maji yote, toa kilichooza, acha kikombe kikavu, mwagilia udongo tu. Shina likiwa bado zima, machipukizi yatakuja.

Vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, hupenda kujificha kwenye makutano ya majani na chini ya mkuki unaotoka. Watoe kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti, mmoja baada ya mwingine. Dawa za mafuta, kwa sababu tuliyoitaja juu, ziache.

Mama akishachanua

Mmea uliochanua hufa polepole, kwa muda wa mwaka mmoja hadi miwili, na wakati huo wote unawalisha watoto. Ua likikauka likate chini kadiri kisu kinavyofika, endelea kuweka maji kikombeni, na rudisha ile mbolea ya robo kipimo kwenye udongo. Majani ya mama yakianza kukauka kuanzia nje, ondoa yaliyokufa tu.

Chipukizi litengwe likifikia theluthi hadi nusu ya urefu wa mama. Futa udongo pembeni uone linapoungana naye, kata kwa kisu kikali kilichosafishwa, karibu na mama kadiri uwezavyo ili chipukizi liondoke na kisigino chake chenye vijizizi. Acha jeraha likauke kivulini siku moja. Panda kwa kina cha sentimita 2 hadi 3 tu, maana likizikwa zaidi huoza, na ulifunge kwenye kijiti mpaka mizizi ishike, wiki 6 hadi 8 hivi. Chungu cha sentimita 10 kinatosha kwa sasa.

Ukiwa na subira na chungu kina nafasi, kuna njia tunayoipenda zaidi: usitenge. Chipukizi lililoachwa kwa mama hunyonya nguvu zake mpaka mwisho na kwa kawaida hukomaa mapema kuliko lililokatwa. Mama akikauka kabisa, kata kisiki chake, na yakibaki machipukizi mawili au matatu yaliyolingana, yavundike yote pamoja ndani ya mfuko mmoja. Matufaha yawe mawili, na kila kikombe kikaushwe peke yake kwa kitambaa, kwa sababu chungu chenye vikombe vitatu hakimwagiki vizuri kwa kuinamishwa tu.

Njia hiihii inafanya kazi kwa nanasi lililooteshwa chunguni kutoka kwenye kishungi chake. Lenyewe linataka chungu kikubwa zaidi, lita 10 hivi, jua la moja kwa moja, na subira ya karibu miaka miwili mpaka majani yavuke 30. Mfuko uwe mkubwa, na uvae glavu unapoufunga.